Vichwa Vitatu vya Mlima

Jirani yangu anayekaanga mandazi pale kwenye kona alinunua kuni mpya wiki mbili zilizopita, na tangu siku hiyo natafuta njia nyingine ya kufika nyumbani. Ni vipande vya mbao nene, vyeusi, vyenye matundu ya misumari mikubwa. Vikishika moto vinatoa harufu ya mazutu, yale mafuta ya malori, iliyochanganyika na mti uliolowana. Nilimuuliza amezipata wapi. "Ni mbao ya kile kilalo ya zamani," akajibu huku akigeuza mandazi. "Baliweka ingine ya chuma. Hizi balituuzia bei ya bure." Nilisimama katika moshi ule mpaka machozi yakanitoka, naye akanionea huruma, akanisogezea kiti upande ambao moshi haufiki.

Kilalo ni daraja, na mbao zile nilizikanyaga nikiwa na miaka tisa, nikitembea mbele ya lori la baba yangu. Papa alikuwa anapofuka, na nyumbani kwetu ni mimi peke yangu ambaye sikujua. Nalisema mapema, nisije nikajifanya mtoto mwerevu. Sikuelewa chochote, na wiki ile nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena mpaka leo.

Wenzangu wa rika langu mliokulia Butembo mnakumbuka dereva wa lori alikuwa mtu gani. Mwalimu alisalimiwa, lakini dereva alipishwa njia. Papa aliendesha Fuso ya tajiri mmoja wa Beni. Alichukua maharage na viazi kutoka Kirumba na Musienene, akavileta Butembo, kisha akateremka na mzigo mwingine mpaka Beni. Mtaani walimwita Haji, ingawa Maka hajawahi kuiona hata kwenye ndoto. Barabara ile aliijua kama mtu anavyojua njia ya choo cha nyumbani kwake, kila shimo na kila kona, na ndiyo maana aliweza kuficha muda mrefu vile. Kilichomshinda ni vitu visivyokaa mahali pamoja: mbuzi, pikipiki, watoto, na mbao za madaraja.

Daktari alikuwa amekwisha mwambia kwamba ni presha ya macho, na kwamba kilichokwenda hakirudi. Hayo niliyajua nikiwa mtu mzima. Wakati ule nilichosikia ni Papa akimwambia Mama siku ya kwanza ya likizo, "Huyu mutoto nitamutembeza. Aone bilalo yote, aone na mji ku juu ya bilima. Atamaliza likizo namna hii bila kuona kitu?" Mama alikuwa anachambua sombe, yale majani ya muhogo, akaendelea kuchambua majani yaliyokwisha chambuliwa.

Jioni yake Mama alirudi sokoni na vitambaa vitatu vya kichwa: chekundu, cha buluu, na kimoja cha njano kali, ile njano ya kuumiza macho. Papa alikaa mlangoni, akaniagiza nivae kimoja baada ya kingine nikasimame kule langoni. Chekundu alikitikisia kichwa. Cha buluu pia. Nilipovaa cha njano aliniambia nitembee kushoto, kisha kulia, kisha nirudi tena kushoto.

"Hii njo muzuri," akasema. "Hii, mama, usiitoshe ku kichwa hata kidogo. Unasikia?"

Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Nikaona nimekuwa mrembo kiasi kwamba baba yangu mwenyewe hataki nivue urembo wangu. Asubuhi Mama alinifunga kitambaa kile kwa nguvu mpaka masikio yakauma. Nilidhani ni wivu, maana yeye hakuna aliyewahi kumpeleka matembezi.

Sasa lazima nieleze jinsi magari yalivyovuka madaraja yetu ya mbao. Lori likifika, abiria wote wanashuka na kuvuka kwa miguu. Halafu convoyeur, yule msaidizi wa dereva anayekaa juu ya mzigo, anatangulia kinyumenyume akimwonyesha dereva kwa mkono: kidole upande huu, kidole upande ule, ngumi maana yake simama. Magurudumu yanapita juu ya mistari miwili tu ya mbao nene, na kati ya mistari hiyo unaona maji. Mimi niliamini watu wanashuka kwa heshima, kama mtu anavyovua viatu mlangoni mwa msikiti. Nililiona daraja kama mzee fulani ambaye hapitwi ukiwa umekaa. Kwa hiyo kila tulipofika darajani nilishuka wa kwanza, nikainamisha kichwa kidogo, nikasema salaam aleikum. Abiria walicheka sana, na hakuna aliyenisahihisha.

Convoyeur wetu aliitwa Kasereka, mtu mzima mwenye watoto watano. Daraja la kwanza tulilofika wiki ile alitangulia kama kawaida, lakini Papa akatoa kichwa dirishani.

"Kasereka, acha. Leo mutoto njo atanivusha."

"Boss, mutoto tena? Mais ye hajue bishara ya mukono."

"Hakuna bishara. Atatembea tu katikati, polepole. Miye nitamufuata."

Kasereka alinitazama, akatazama kitambaa changu, akatazama ardhi. Nadhani alielewa saa ile ile. Alikuwa na watoto watano na kazi moja, na kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa Papa. Akasogea pembeni. Basi nikatembea katikati ya daraja kama bibi harusi, injini ikinguruma nyuma yangu, joto lake likinipiga mgongoni, na ng'ambo akina mama wakapiga vigelegele. Walinivika kilemba cha ukoka nami nikakivaa. Nilijiona ni mtu mkubwa anayefuatwa na lori zima. Na kweli nilikuwa nafuatwa. Papa hakuona daraja, hakuona mto, aliona doa moja la njano likienda mbele yake, naye akaliamini.

Tulitembelea kila kitu. Mjini Butembo tuliegesha karibu na daraja la mto Kimemi, nikainama ukingoni, akaniuliza maji yana rangi gani leo. Nikamwambia ya chai ya maziwa. Siku nyingine alinipandisha kilima ambacho juu yake unaona mji wote, akazima injini, akaweka mikono magotini.

"Bon. Uko naona nini?"

"Manjanja ku juu ya manyumba, Papa. Manyumba mingi."

"Manjanja ya rangi gani?"

"Ingine nyekundu, ingine kijani. Mingi iko na kutu. Na pikipiki ni mingi sana, na moshi."

"Na musikiti?"

Niliutafuta, sikuuona. Alitabasamu, macho yake yakiangalia mbele tu, hata shingo hakugeuza. "Angalia ku kushoto ya depot ile kubwa ya mugorofa. Uko pale?" Nikaangalia, na kweli, mnara ulikuwa pale, mdogo na mweupe.

"Papa, unaona hata bila kugeuka!"

"Chauffeur anaonaka na mugongo," akasema, tukacheka sote wawili.

Nilidhani ni mtihani kama wa shuleni. Nilidhani anayajua majibu yote na ananipima, nami nilijilaumu kwa kukosa swali la msikiti. Kumbe alikuwa anauaga mji. Alikuwa anahakikisha kwamba kila kitu alichokiweka kichwani bado kiko mahali pake, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuangalia. Ningejua, ningemtajia kila dirisha. Lakini niliona njaa, nikaomba tushuke.

Siku ya tatu tulikwenda Beni. Na hapa lazima niseme jambo ambalo Mama aliniambia miaka mingi baadaye, akiwa anakunja nguo, bila kunitazama. Usiku wa kabla ya safari ile Papa aliweka mkono juu ya Kurani akaapa mbele yake. Kuna kona moja juu kabla ya kuteremka Beni ambapo siku ya anga safi unauona mlima wa Ruwenzori na theluji yake. Papa alisema, "Nikisimama pale nikose kuiona Ruwenzori, nashuka Beni, narudishia patron ufunguo ya Fuso yake, inaisha." Mama alikubali. Alisema mlima si sindano, hata yeye aliona huo ni mtihani wa haki.

Tulifika pale kabla ya adhuhuri. Papa alisimamisha lori, akateremka, akanishika mkono tukaenda mpaka ukingoni mwa barabara. Ukungu ulikuwa umejaa kila mahali. Bonde halikuonekana, miti ya karibu ilionekana nusu, na kule mlima unapokaa palikuwa na weupe mtupu.

"Ruwenzori iko?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Nilifikiria msikiti. Sikutaka kukosa mara ya pili.

"Iko, Papa."

"Vraiment? Na neige?" akauliza, akimaanisha ile theluji.

"Na neige."

"Iko na bichwa ngapi?"

Sikujua kama mlima unaweza kuwa na vichwa. Nikayakumbuka mafiga ya jikoni kwetu. "Tatu," nikasema. "Ile ya katikati njo mukubwa. Ile mbili inaiegemea."

Papa alifuta macho kwa mkono wa shati, akayafumbua sana, akakaza kuangalia. Alikaa hivyo muda mrefu, mkono wake ukinibana vidole. Halafu nikamsikia anapumua.

"Njo ile," akasema polepole. "Hata miye niko naiona. Nyeupe pe. Alhamdulillah, mama, hata miye niko naiona!"

Alikuwa anaona ukungu. Ukungu ndio kitu pekee kilichokuwa kikubwa na cheupe vya kutosha kuingia katika macho yale. Alinibeba begani kama mtoto mchanga, akarudi kwenye lori akiimba, akapiga mlango kwa kiganja na kumwita msaidizi wake kule juu ya mzigo. "Kasereka! Leo mulima ilitoka!" Kasereka aliangalia mbingu, akaniangalia mimi, akavuta kofia yake usoni. Kule Beni Papa aliniletea soda mbili, na nusu ya samaki wake akanipa. Ufunguo ulibaki mfukoni mwake.

Nimeyarudia maneno yale mara nyingi kuliko sala. Mtoto wa miaka tisa anaruhusiwa kusema uongo juu ya mlima, watu wote wananiambia hivyo, na mume wangu ameniambia mpaka amechoka. Najua. Haisaidii kitu.

Siku mbili baadaye ilikuwa siku ya soko Musienene. Tulipakia maharage na viazi mpaka lori likalala kidogo kwa nyuma, na abiria wakapanda juu ya mizigo. Tulipofika kwenye lile daraja, lile ambalo mbao zake sasa zinakaanga mandazi, mvua ilikuwa imeanza kunyunyiza. Abiria walishuka. Nilisema salaam aleikum yangu, nikakaa katikati, Papa akaanza kunifuata.

Tulikuwa tumefika nusu ya daraja. Mbele yangu alikuwa anatembea mukaka mmoja, bibi mzee mwenye kikapu, ambaye miguu yake ilimchelewesha. Mvua ikazidi. Yule bibi aligeuka, akaniona nimelowana.

"Mutoto wa batu atagonjwa! Kuya hapa."

Akavua kitenge chake cha mabegani, kitenge cha kahawia kilichofubaa, akanifunika kichwa na mabega. Nilikuwa mtoto mwenye adabu, nikasema "Wasingya," kama tulivyofundishwa kushukuru kwa Kinande, tukaendelea kutembea pamoja chini ya kitenge kile, mkono wake ukinishika bega. Kilikuwa na harufu ya moshi na ndizi.

Nyuma yetu honi ikalia. Ikalia tena, ndefu. Nikageuka nikapunga mkono, nikidhani Papa naye analisalimia daraja. Lori lilikuwa linakuja polepole, lakini halikuja moja kwa moja. Liliinamia upande mmoja, mbao ikapasuka kwa mlio kama wa kuni kavu, na gurudumu la mbele likazama mpaka ekseli. Magunia mawili ya maharage yakaanguka mtoni. Kasereka alikuwa anapiga kelele, "Boss, simama! Usiguse kitu!" Injini ikazimika, na mvua peke yake ikabaki inasikika.

Mlango ukafunguliwa. Papa aliutia ufunguo mfukoni, akashusha mguu mmoja, akapapasa hewa, akaupandisha tena. Halafu akageuka, akashuka kinyumenyume akishikilia mlango, na miguu yake ilipogusa mbao akapiga magoti. Akaanza kutambaa. Aliweka kiganja, akapapasa, akasogeza goti, akaweka kiganja kingine, akiutafuta ukingo wa kila ubao kwa vidole. Kanzu yake nyeupe ilijaa matope na mazutu.

Mimi nilicheka. Nilidhani anacheza mchezo wa mbuzi tuliocheza nyumbani, yeye akiwa mbuzi na mimi nikipanda mgongoni. Nilicheka kwa sauti kubwa, nikatazama watu ili wacheke nami kama walivyocheka siku zote. Hakuna aliyecheka. Akina mama waliokuwa wakipiga vigelegele walikuwa wameweka mikono mdomoni, na mwanamume mmoja, ambaye siku iliyotangulia mtoto wake mgonjwa alisafiri nasi kwenye kiti cha mbele, alikaa chini kwenye matope.

Papa aliinua kichwa. Alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, uso umegeukia upande ambao sipo.

"Mama," akaita. "Uko wapi?"

"Niko hapa, Papa."

"Kitambala yako iko wapi?"

"Iko ku kichwa. Huyu mukaka alinifunika juu ya mvua."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu la busara. Yule bibi alielewa kabla yangu. Alikivuta kitenge chake akakikumbatia, akaanza kuomba msamaha kwa Kinande, mara nyingi, kwa mtu ambaye hakumjua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Papa hakuumbuliwa na kifo, aliumbuliwa na huruma ya bibi kizee. Kasereka alikuja akapiga magoti mbele yake. Papa alitafuta mfukoni, akatoa ufunguo, akaunyoosha mbele bila kujua mkono wa kuupokea uko wapi, na Kasereka akaupokea kwa mikono miwili.

Niliwahi kumkasirikia Papa. Nilipokuwa na mtoto wangu wa kwanza nilimkasirikia kwa miezi, nikifikiria tani zile za viazi nyuma ya mgongo wangu mdogo. Halafu nikakumbuka kwamba nyumba nzima ilikula kutokana na macho yale, na hasira ikakosa pa kukaa. Mama alijua, Kasereka alijua, daktari alijua. Kila mmoja alishika kipande chake cha ukweli na hakuna aliyeweza kufanya nacho kitu.

Papa anaishi nami sasa. Giza lake limekamilika, lakini mdomo wake mzima kabisa, na wanangu wamekariri hadithi yake moja: siku aliyosimama juu ya Beni na Mungu akamfungulia macho kwa mara ya mwisho. Katika hadithi hiyo hakuna daraja, wala matope. Kuna mlima mweupe tu.

Harufu ya zile kuni ilininyima usingizi. Jumapili nikaamua kumwambia Papa ukweli. Nilikodi gari la rafiki wa mume wangu, nikampeleka mpaka kona ile ile, asubuhi, baada ya mvua ya usiku. Nilitaka nimwombe msamaha mahali nilipokosea. Tuliposhuka, anga ilikuwa safi ajabu, na mlima ulikuwa pale. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona vile. Haufanani na mafiga. Ni ukuta mrefu wa samawati, umepakwa weupe huku na kule juu yake, na huwezi kuhesabu vichwa kwa sababu vimeshikana.

"Uko naona nini?" akauliza Papa.

Nikamweleza kama ulivyo. Ukuta, samawati, weupe kidogo. Nilikuwa nimefungua mdomo kuendelea, kumwambia kuhusu siku ile, alipoanza kutikisa kichwa, akicheka, akinitafuta mkono.

"Hapana, mama. Angalia muzuri. Miye niliiona na macho yangu, ile njo kitu ya mwisho Mungu alinionyesha. Hata leo nikilala niko naiona." Akanibana vidole, kama zamani. "Iko na bichwa ngapi?"

Niliutazama ukuta ule mpaka ukaanza kucheza machoni.

"Tatu, Papa."

"Na ya katikati?"

"Njo mukubwa," nikasema. "Ile mbili inaiegemea."